Mfarishi wa Kipupwe Huanzia Beseni

Kila Juni, kusi ikishakaza na watu wa Pwani wakaanza kulalamikia baridi ambayo Mkinga wa Makete angeivulia sweta, mimi huulizwa swali lilelile: nina vipande vya kanga na vitenge vimejaa mfuko, nataka kushona mfarishi, nianzie wapi? Jibu langu huwaudhi. Umechelewa, nasema. Vitambaa vilipaswa kufuliwa Februari, jua la kaskazi likiwaka, vishonwe Aprili na Mei wakati masika imetufungia ndani. Anayefua Aprili atakaa na nguo mbichi siku tatu, zishike uvundo.

Kuunga vipande si ugeni kwetu. Kanga yenyewe, kama inavyosimuliwa, ilianza hivyo katika karne ya 19: wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyobaki na jina la Kireno, wakaunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara waliona, wakaanza kuichapa nzima.

Basi turudi kwenye beseni. Mfarishi wangu wa kwanza niliuharibu hapo. Niliweka kipande cha kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, katikati ya vipande vyeupe, bila kukifua kwanza. Ulipofuliwa mara ya kwanza, nyekundu ilichuja ikapaka majirani zake wote waridi. Tangu siku hiyo kila kitambaa, hata kile ninachoapa hakichuji, naloweka peke yake katika maji baridi, nafua na kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na buluu iliyokoza zinaweza kudai mara nne au tano. Chumvi na siki zinazosifiwa mitaani mimi hazikunifaa. Kisha kikague: kiloweshe, kilaze juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Cheupe kikipata rangi, rudi beseni. Kufua pia huondoa wanga wa kitenge kipya na kukimaliza kunywea, kisije kikanywea ndani ya mshono na kuukunja mfarishi mzima.

Wakati huohuo chambua. Vitenge vingi vya siku hizi ni poliesta. Choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Usichanganye. Poliesta huteleza, haishiki pasi, na usiku haifyonzi jasho.

Vipimo ninavyopenda ni vya kitanda cha futi 4 kwa 6. Kata boksi gumu la inchi 9 kwa 9 liwe kipimo chako, chora kwa chaki, kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, kamwe usikate mshazari, maana kipande cha mshazari huvutika. Ukiacha nusu inchi ya mshono kila upande, kipande kitabaki inchi 8. Saba kwa upana na kumi kwa urefu ni vipande 70, na mfarishi wa inchi 56 kwa 80. Yadi moja ya kitenge chenye upana wa inchi 45 hutoa vipande 20, kwa hiyo yadi nne zinatosha na chenji inabaki. Lakini nani anunue? Nenda kwa fundi wako wa nguo jioni, kabla hajafagia.

Kosa la wengi ni kupenda maua yote kwa pamoja. Kitenge chenye ndege mkubwa ukikikata inchi 9 unabaki na bawa, na bawa likikaa kando ya korosho za kanga, jicho halina pa kupumzikia. Walau thuluthi moja iwe vitambaa vya rangi moja, visivyo na maua. Tandaza vyote sakafuni, piga picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utaona mara moja ni wapi giza limerundikana.

Shona mistari kwanza, kisha unga mistari. Pasi ilaze mishono ya mstari wa kwanza kushoto, ya mstari wa pili kulia, ili isirundikane unene mahali pamoja.

Nyuma weka doti nzima. Itenganishe, uunge kanga mbili kwa upande mrefu. Kanga ya mita 1.5 kwa 1.1 itatosha na kuzidi kidogo, ila pima yako, kwani zipo zilizopunjwa. Na usome jina kabla! Fumbo la kumsuta mke mwenza halifai kitanda cha wageni.

Katikati, wengine watakwambia usufi. Usufi ni wa mito. Ndani ya mfarishi hukimbilia pembeni na kujikusanya mabonge. Mimi hutumia blanketi jepesi la mtumba, lililofuliwa. Laza doti uso chini, blanketi, kisha vipande uso juu, upige bandi kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana kiganja kimoja. Kisha shona. Cherehani ya miguu ikigoma kupita unene huo, badilisha sindano uweke namba 16 na urefushe hatua ya mshono. Ikigoma bado, iache. Chukua uzi mnene wa pamba, funga fundo kila pembe za vipande zinapokutana. Utashika miaka.

Ukingoni tumia mapindo ya kanga mbili kuukuu. Mzunguko ni inchi 272, na kanga moja haifikishi.

Kwa Idi na Krismasi usijitese na mfarishi. Foronya za mito ya kochi, kwa vipande vilevile, ni kazi ya jioni mbili. Na kwa joto la Januari ondoa blanketi, unga vipande na doti tu, upate shuka la kujifunika alfajiri.

Mfarishi ukikamilika, ufue peke yake kwa maji baridi, uuanike kivulini ukiwa umelazwa juu ya kamba mbili. Ukining'inizwa kwenye kamba moja ukiwa umejaa maji, uzito wake hukata mafundo ya katikati.