SOMO LETU: KUCHAGUA PICHA YA SEBULENI

Umejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, umeezeka bati na kupaka chokaa. Sasa ukuta wa sebule ni mtupu. Wengi hutundika kalenda ya mwaka uliopita. Si vibaya, lakini picha hukaa miaka mingi mbele ya macho ya watoto na wageni. Basi tuichague kama tunavyochagua mbegu, siyo kwa kubahatisha.

Picha za kuchorwa kwa mkono si za watu wa mjini tu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika mkoa jirani wa Ruvuma. Hakusomea uchoraji chuoni. Karibu mwaka 1968 alianza kuchora huko Dar es Salaam. Alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi za mafuta, kama zile za kupaka baiskeli. Alichora wanyama, ndege na maisha ya watu. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea. Mpaka leo picha za namna hiyo huitwa Tingatinga.

Sasa tufuate hatua hizi:

1. Pima ukuta. Picha ya juu ya kochi itoshe theluthi mbili za upana wa kochi hilo. Kochi likiwa futi 6, picha iwe futi 4. Picha ndogo mbili au tatu zikipangwa pamoja zinafaa pia.

2. Angalia jua, moshi na unyevu. Jua kali hufifisha rangi. Picha ya karatasi huharibika upesi kwa unyevu. Picha ya rangi ya mafuta juu ya ubao hufutika vumbi kwa kitambaa kikavu.

3. Shaurianeni nyumbani. Mara nyingi baba hununua peke yake, akarudi na picha ya jumba lenye theluji. Mtoto anauliza, "Baba, hapa ni wapi?" Baba hana la kujibu. Lakini ikiwa ni picha ya mtumbwi katika Ziwa Nyasa, bibi ataanza kusimulia jinsi babu alivyovua mbasa, na mtoto atajua alikotoka. Picha ya mbali nayo si mbaya, ili mradi mwenye nyumba aweze kuieleza.

4. Chunguza kabla ya kulipa. Itazame kwa ubavu penye mwanga. Iliyochorwa kwa mkono mara nyingi huonyesha alama za brashi. Iliyochapwa na mashine huwa laini, basi isiuzwe kwa bei ya kazi ya mkono. Kama kuna kijana kijijini anayejua kuchora, mpe kazi na umlipe haki yake. Ila fedha ya picha isitoke kwenye daftari za watoto wala dawa.

5. Tundika vizuri. Katikati ya picha pawe usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ukiwa juu ya kochi, shusha kidogo. Tumia msumari imara.

MASWALI
1. Kochi lako lina upana wa futi 3. Picha iwe futi ngapi?
2. Kwa nini tusitundike picha ya karatasi penye unyevu?
3. Ungependa mjukuu wako aone nini ukutani kwako? Andika sentensi tatu, kisha uwasomee watu wa nyumbani.