Asumini na Mzeituni ni Ndugu

Katika somo hili tutazame jinsi wataalamu wanavyoipanga mimea yenye maua yanukiayo, na kwa nini mpangilio huo unatuhusu sisi tunaotunza bustani za seminari na parokia.

1. Jina la mmea

Asumini, ua linalotungwa vikuba huko pwani, kwa Kilatini huitwa Jasminum sambac. Neno la kwanza hutaja jenasi; yote mawili pamoja hutaja spishi. Utaratibu huu uliimarishwa na Carl Linnaeus katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka 1753. Yeye mwenyewe aliiweka asumini katika jenasi ya Nyctanthes. Mwaka 1789 William Aiton akaihamishia Jasminum. Hata mabingwa husahihishwa.

2. Undugu wa mimea

Asumini imo katika familia ya Oleaceae, iliyopewa jina kutokana na mzeituni, Olea europaea. Ukiitazama kwa mbali, huoni undugu wowote. Sogea karibu: majani hukaa mawili mawili yakielekeana, petali zimeungana chini, na kwa kawaida ua lina stameni mbili tu. Basi mti utoao mafuta ya Krisma ni ndugu wa asumini.

3. Harufu isitudanganye

Kuna kichaka cha bustani ambacho wengi hukiita asumini ya usiku, kwa kuwa hunukia sana giza likiingia. Jina lake ni Cestrum nocturnum. Majani yake hupishana kwenye tawi, na ua lina stameni tano. Familia yake ni Solanaceae, pamoja na nyanya na tumbaku. Matunda yake meupe yana sumu. Anayeamini pua peke yake anaweza kutia maua yake katika chai kama asumini, au kukipanda mahali ambapo watoto wa katekisimu huchezea.

4. Zoezi

Chukua tawi moja la kila mmea unaonukia katika bustani yenu. Angalia: majani yanaelekeana au yanapishana? Petali zimeungana? Stameni ni ngapi? Andika majibu kabla ya kuuliza jina. Usionje chochote, na nawa mikono ukimaliza.

Harufu hutuita tusogee. Kuutambua mmea ni kazi ya macho na subira.