Kumchagulia Mtoto Vitabu vya Fasihi: Kazi ya Baba na Mama



Baada ya Misa ya pili, mume na mke wa parokia yetu waliningojea chini ya mparachichi. Binti yao ana miaka 16 na anasomea nyumbani masomo ya sekondari. Mama alishika karatasi yenye mitaala mitatu ya uhakiki wa fasihi, yote ikiitwa ya Kikristo, yote kutoka Marekani. Baba alikuwa amenuna. "Katekista," akasema, "mwambie mama watoto kwamba kitabu kinachomfundisha mke kutoroka nyumbani hakiwezi kuwa cha Kikristo."

Kitabu chenyewe, kilichokuwa katika mmojawapo wa mitaala hiyo, ni tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway, A Doll's House, ya mwaka 1879. Wengi mnaijua, maana ilitahiniwa katika K.C.S.E. miaka ya 2018 hadi 2022. Nora alikopa fedha kwa siri ili mumewe mgonjwa apelekwe Italia apate nafuu, akaghushi sahihi ya baba yake. Siri ilipofichuka, mumewe Torvald alimkaripia vikali na kusema hafai kuwalea watoto. Hati ya deni iliporudishwa, papo hapo akasema amemsamehe. Nora akaondoka, akawaacha watoto watatu.

Nilimwuliza baba kama amekisoma. Alikuwa amesoma ukurasa wa mwisho wa mwongozo tu. (Simcheki. Hata mimi shuleni nilipita kwa miongozo.)

Kabla ya mitaala, tukumbuke kazi hii ni ya nani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Ni wazazi wote wawili. Mama akiagiza vitabu peke yake, na baba akivipiga marufuku peke yake, mtoto hujifunza somo jingine kabisa hata kabla hajafungua kitabu.

Sasa mitaala. Neno "Kikristo" kwenye jalada halitoshi. Tazameni ni nani aliyeiandika, maana mingine ya ndugu zetu Waprotestanti hulisema Kanisa letu visivyo. Iko ya Kikatoliki pia. Seton, kwa mfano, ya Front Royal, Virginia, imesaidia familia zinazofundisha nyumbani tangu 1980. Tena ulizeni mapema mtoto atakalia mtihani gani. Mtaala wa Marekani hautamfundisha ushairi wa Kiswahili, wala msitarajie kukuta humo Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Hayo mtaongeza wenyewe.

Lakini mimi hutazama maswali zaidi. Fungueni sura moja. Kama kila swali ni "Hadithi hii inatufunza nini?" na jibu limechapishwa nyuma, mtoto atajua kunakili tu. Uhakiki mzuri huanza na yaliyoandikwa. Nani anasema, anamwambia nani, anaficha nini? Kwa nini Torvald anamwita mkewe kindi na ndege mdogo? Baada ya hapo ndipo imani iulize: je, msamaha wa Torvald ni msamaha kweli? Sisi tunaofundisha Kitubio tunajua tofauti ya kusamehe na kufurahi tu kwamba hatari imepita. Binti akisema Nora alikosa kuwaacha watoto, vema, mimi niko naye. Lakini kwanza aonyeshe ameelewa kwa nini mama yule aliondoka.

Baba aliuliza kama Kanisa haliogopi vitabu hivi. Mtakatifu Basili Mkuu, aliyefariki mwaka 379, aliwashauri vijana wasome hata vitabu vya wapagani jinsi nyuki anavyotembelea maua, akichukua kinachomfaa na kuacha mengine. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya fasihi, alisimulia kwamba alifundisha somo hilo katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, miaka ya 1964 na 1965. Wanafunzi hawakupenda kitabu kilichowekwa, El Cid. Akawaambia wakisome nyumbani, na darasani wazungumze juu ya waandishi waliowapenda. Hakufuta kile cha lazima.

Niliwaomba wale wawili wasome tamthilia hiyo kwa sauti jioni tatu, baba awe Torvald, mama awe Nora, binti achukue wengine wote. Jioni ya pili mama alinyamaza katikati ya ukurasa. Binti alipokwenda kulala, alimweleza mumewe juu ya mkopo wa chama aliochukua mwaka jana, wakati baba alipokuwa amelazwa, na ambao bado anaulipa kwa fedha za kuku. Wameniruhusu kuandika haya bila majina.

Baba aliniambia hakulala vizuri usiku ule. Deni sasa wanalilipa pamoja. Mtaala bado hawajanunua. Wameandika kuomba sura moja ya mfano kutoka kwa miwili kati ya ile mitatu, na wamekubaliana kuzisoma wote wawili. Jumapili iliyopita baba aliniuliza kama nina tamthilia nyingine ya kumwazima.