Kabla Hujatia Mkasi: Vidokezo 8 vya Kuchagua Pamba ya Mfarishi

Huku Dodoma, nchi ya Wagogo, watu hawakuanza jana kukagua nguo. Mwaka 1871 msafiri Stanley alipopita Mvumi akimtafuta Livingstone, hongo ya njia aliilipa kwa doti za vitambaa. Hongo imekwisha, ila ukaguzi bado unahitajika, hasa ukitaka kushona mfarishi wa vipande vya vitenge na khanga, wenye sufi au pamba katikati, kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Gauni la kitambaa kibaya utalitupa lenyewe. Kwenye mfarishi, kipande kimoja kinachochuja huwachafua majirani zake wote.

1. Kitoe nje. Chini ya turubai pale soko la Majengo au la Sabasaba, kila kitenge kinapendeza. Omba ukipeleke kwenye mwanga, ukiinue juu, utazame nyuzi. Ziwe zimebanana na zimelingana. Ukiona matundu matundu, jua mshono utafumuka na sufi itachungulia.

2. Geuza upande wa pili. Kitenge cha waksi halisi hupakwa nta pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo mbele na nyuma havipishani sana. Khanga huchapwa upande mmoja, basi usiikatae kwa sababu mgongo wake umefifia kidogo. Ikiwa nyuma ni nyeupe kabisa, rangi imekaa juu juu tu, nayo haitadumu.

3. Soma ukingo. Watengenezaji wengi huchapa jina pembeni mwa kitambaa. Vlisco, kiwanda kilichoanza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, huandika jina lake ukingoni, na waigaji wanalijua hilo fika. Kagua tahajia, na uone kama herufi zimekolea au zimetapakaa. Lakini jina lisikufumbe macho: khanga nzuri ya kiwanda cha hapa nchini ni bora kuliko jina kubwa la kughushi.

4. Fikicha. Kitambaa kipya kinachosimama kama karatasi huenda kimejazwa wanga. Kifikiche kwa viganja. Kikitoa unga mweupe na kulegea ghafla, uzito uliokuwa unaulipia ni wanga, nao utaondoka na maji ya kwanza.

5. Choma uzi. Omba nyuzi mbili tatu za pembeni, uzichomee nyumbani juu ya kisahani. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha kidonge kigumu. Ukipata vyote viwili, ni mchanganyiko, na pasi ya moto mkali itaukunja.

6. Sugua kwa leso nyeupe. Ilowanishe leso kidogo, usugue sehemu yenye rangi nzito: nyekundu, nyeusi, buluu ya bahari. Doa hafifu linavumilika, kwani rangi ya ziada hutoka kwenye ufuaji wa kwanza. Leso ikigeuka rangi kabisa, kitambaa hicho kishonee begi, usikiweke karibu na kipande cheupe.

7. Fua kabla ya kukata. Pima mraba wa sentimita 50 kwa 50, uufue, uukaushe, kisha upime tena. Ukirudi 48, umepungua asilimia 4, na kila kitambaa hupungua kwa kiasi chake. Ukivishona pamoja bila kuvifua, mfarishi utakunjamana. Maji ya visima huku kwetu kanda ya kati mara nyingi ni magumu na sabuni haitoi povu vizuri, hivyo suuza mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini, maana jua la Dodoma hufubaza rangi.

8. Linganisha uzito. Khanga nyepesi ikishonwa kando ya kitenge kizito, mshono utaivuta khanga hadi ichanike. Kama unaipenda mno, ibandikie marekani nyembamba kwa ndani. Tetroni ya sare za shule iache, kwa kuwa haisinyai kama pamba na itawavuruga wenzake. Kumbuka pia kwamba khanga ina takribani sentimita 150 kwa 110: mji wake unafaa kuwa kitovu cha mfarishi, na pindo hukupa mikanda ya pembeni bila kuhangaika kutafuta maua mengine.

Kama ndiyo unaanza, usinunue doti nzima siku ya kwanza. Waombe mafundi cherehani wa mtaani vipande vinavyobaki, vipitishe kwenye majaribio haya, halafu rudi sokoni ukijua unachokitaka. Na muuzaji akikukataza kushika, kugeuza au kutoka nacho mlangoni, mshukuru na usogee kibanda kinachofuata.