Mafuta Yakiwa Ghali, Mfugaji Atauza Nini Kariakoo?



Ng'ombe wako hanywi dizeli. Anakula nyasi, anakunywa maji na anatembea kwa miguu yake. Lakini siku unapomuuza, bei unayopewa ina mafuta ndani yake. Somo hili linaeleza mafuta hayo yanaingia wapi, na jinsi familia ya wafugaji inavyoweza kufaidika pale mafuta ya bei rahisi yatakapokwisha. Lisomeni pamoja nyumbani, baba, mama na vijana, kwa kuwa kila mmoja ana kazi yake humu.

1. MAFUTA YANAVYOINGIA KWENYE BEI YA NG'OMBE

Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu. Kutoka hapo huenda machinjioni, kama Vingunguti, kisha nyama husambazwa kwenye mabucha ya Ilala, Kariakoo na mitaa mingine. Wengi wao wametoka mbali: Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara. Wamekuja kwa lori.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme lori linabeba ng'ombe 30 na linatumia lita 400 za dizeli hadi Pugu. Bei ya dizeli ikipanda kwa shilingi 1,500 kwa lita, safari hiyo inaongezeka shilingi 600,000. Gawanya kwa ng'ombe 30: kila ng'ombe ameongezewa shilingi 20,000.

Nani atazilipa? Mama anayenunua nusu kilo Kariakoo ana kiasi chake mkononi, na bucha likipandisha bei atanunua dagaa au maharage. Kwa hiyo mchuuzi hutazama upande wa pili. Anakuja mnadani kwenu na kukupunguzia wewe. Kisha lori lile lile linarudi na bidhaa za jumla kutoka Kariakoo: shuka, sukari, betri, dawa za mifugo. Nazo zimepanda kwa sababu ya nauli. Mfugaji amelipa mara mbili, wakati wa kuuza na wakati wa kununua.

Mwaka 2022 tuliona jambo hili waziwazi. Vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha bei ya mafuta duniani, na ilipofika Agosti mwaka huo petroli na dizeli Dar es Salaam zilikuwa zimevuka shilingi 3,000 kwa lita, ingawa serikali ilikuwa imeanza kutoa ruzuku.

Mafuta hayataisha siku moja kama maji ya pipa. Yataisha kama malisho yanavyoisha: nyasi za karibu na boma huliwa kwanza, kisha mifugo inabidi ifuate za mbali. Visima vyepesi vya mafuta vilichimbwa zamani. Vinavyobaki viko chini zaidi ya bahari na ardhi, na kuvichimba ni gharama. Bei itapanda na kushuka, lakini usipange maisha ya watoto wako kwa kutegemea dizeli ya bei rahisi.

2. MJI HUU UMEWAHI KUBANA MAFUTA

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Mwaka 1979 ikapanda tena, wakati nchi yetu imetoka kwenye vita vya Kagera. Wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka foleni za petroli, mabasi machache, na amri iliyozuia magari binafsi kutembea mchana wa Jumapili. Bidhaa ziliadimika na mishahara haikutosha.

Watu wa mjini walifanya nini? Walirudi kwenye vitu ambavyo havihitaji meli ya mafuta. Walipanda mchicha na matembele uani na mabondeni. Wafanyakazi wa ofisini walianza kufuga kuku na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa miaka ya shida, na hatuiombei irudi. Lakini ilionyesha kwamba mafuta yakipungua, kitu kilichodharauliwa hupata bei.

Cuba nayo ilipita njia hiyo. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Cuba ilikosa mafuta iliyokuwa ikiyapata kwa bei nafuu, na matrekta yakasimama. Watu waliona njaa. Wakulima wakarudi kulima kwa maksai, na jiji la Havana likajaa bustani za mboga. Waliokuwa wanajua kufundisha maksai walitafutwa.

Kwa hiyo jiulize: siku mji wa Dar es Salaam utakapokuwa na uhaba, utatafuta nini kutoka kwako?

3. VITU VITANO ULIVYO NAVYO

Ngozi. Ingia maduka ya viatu na mikoba Kariakoo. Vingi vinavyong'aa huko ni ngozi bandia, na ngozi bandia ni plastiki, na plastiki hutoka kwenye mafuta. Kwa sababu ni rahisi, ngozi ya ng'ombe wako imekosa bei, na sehemu nyingine hutupwa. Mafuta yakiwa ghali, ngozi bandia nayo itapanda, na ngozi halisi itaulizwa tena. Tumeshaona mfano wake: mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, vikapu vilirudi mikononi mwa watu sokoni, na wasukaji wakapata kazi.

Lakini ngozi yenye mashimo haitanunuliwa hata hapo. Anza sasa:
– Usipige chapa mgongoni wala ubavuni. Tumia hereni, au weka chapa shavuni au chini mguuni.
– Ogesha mifugo, maana kupe hutoboa ngozi.
– Chuna kwa kisu chenye ncha iliyopinda, na penye nafasi sukuma kwa ngumi badala ya kukata.
– Usiiburute chini. Isafishe nyama na mafuta, kisha ipake chumvi ya kutosha siku hiyo hiyo, au iwambe kwenye fremu ya miti uvulini. Jua kali huiunguza.

Samadi. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na bei yake hufuata bei ya nishati. Mwaka 2022 ilipanda mpaka serikali ikaweka ruzuku kwa wakulima. Wakati huo huo, kwenye maboma mengi ya wafugaji samadi imerundikana miaka na miaka. Wanaolima mchicha mabondeni Dar es Salaam, jirani kabisa na Kariakoo, wananunua samadi. Mkulima wa kijiji cha pili naye anaihitaji.

Ikusanye penye kivuli, ifunike isilowe mvua, igeuze mpaka ipoe. Unaweza kuiuza kwa gunia. Unaweza pia kupatana na mkulima: baada ya mavuno mifugo yako ilale shambani kwake siku kadhaa, ng'ombe wapate mabua, shamba lipate samadi. Andikeni mapatano hayo mbele ya serikali ya kijiji, mtaje tarehe za kuingia na kutoka. Tunajua damu iliyomwagika kati ya wakulima na wafugaji huko Kilosa na kwingineko. Mkulima anayehitaji samadi yako ana sababu ya kukukaribisha.

Kama una makazi ya kudumu, ng'ombe wawili au watatu wanaolala zizini, na maji ya karibu, samadi inaweza pia kukupa gesi ya kupikia kwa mtambo wa baiogesi. Kinyesi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, na tope linalotoka bado ni mbolea nzuri. Kituo cha CAMARTEC, Arusha, kina uzoefu wa kujenga mitambo hiyo. Kwa familia inayohama, mtambo haufai.

Samli. Hapa tunazungumza na akina mama, maana maziwa ni yenu. Maziwa ya kupeleka mjini yanahitaji gari la haraka na ubaridi, na vyote viwili hula nishati. Samli haihitaji friji. Ikitengenezwa vizuri husafiri polepole, hata kwa treni au basi la kawaida, na ifikapo Dar es Salaam bado ni nzima. Wapishi wa pilau na biriani wanaitafuta. Chemsha siagi kwa moto mdogo mpaka iache kutoa mlio wa maji, chuja kwa kitambaa safi, hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Chombo chenye unyevu au harufu ya moshi huharibu bei. Unganeni akina mama kadhaa, mpeleke mzigo mmoja, mwenye kuuza awe mmoja na mwenye kuandika hesabu awe mwingine.

Maksai. Trekta la kukodi hupanda bei kila dizeli ikipanda, na wako wakulima watakaorudi kwenye plau ya ng'ombe. Dume lililofundishwa kazi lina thamani kuliko lile linalouzwa kwa nyama tu. Vijana, hii ni kazi yenu: chagueni madume mawili yanayolingana, wapole, muwafundishe kwa subira. Wauzwe wawili pamoja. Punda naye msimtupe. Aliuzwa sana kwa ajili ya ngozi yake, mpaka Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaamua kuzuia biashara hiyo. Kubeba maji na mizigo bila lita hata moja ya petroli ni kazi ambayo bado itakuwepo.

Njia. Ng'ombe wako anaweza kutembea, kama ana pa kupita. Zamani mifugo ilifuata njia zake, yaani mapalio, hadi kwenye minada na vituo vya reli. Lori lilipokuwa rahisi, njia nyingi zililimwa na kujengwa. Lori likiwa ghali, kijiji kilichopoteza palio lake kitakuwa kimefungwa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hakikisheni palio, malisho na njia ya kwenda majini vimechorwa kwenye mpango. Asiyehudhuria mkutano atasikia tu kwamba njia imegawiwa.

Kumbukeni na reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likafika mwaka 1928. Imewahi kubeba ng'ombe wengi kuelekea Pwani. Treni hutumia mafuta kidogo kwa kila tani kuliko malori. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inatumia umeme. Mfugaji mmoja hawezi kujaza behewa, lakini kikundi kinaweza. Ulizeni kituo cha reli cha karibu kuhusu mabehewa ya mifugo kabla msimu wa kuuza haujafika.

4. TAHADHARI

Mafuta ghali hayaleti heri peke yake. Pampu ya kisima cha kijiji inatumia dizeli. Chanjo huletwa kwa gari. Mjamzito hukimbizwa hospitali kwa gari hilo hilo. Kamati ya maji ianze kuweka akiba ya pampu ya jua sasa. Paneli zake zinauzwa hata Kariakoo, ila msinunue kabla fundi hajapima kina cha kisima na kiasi cha maji mnachohitaji. Pampu ndogo kuliko kisima ni fedha iliyopotea.

Pia faida hizi zote zinaweza kwenda kwa mchuuzi. Mwenye habari ndiye atakayezipata. Kila mwezi, Jumatano ya kwanza, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na redio huzisoma. Ziandike. Mchuuzi akikwambia "mafuta yamepanda", utajua kama ni kweli. Na mwezi ambao yameshuka, wewe ndiye wa kumkumbusha.

5. MAMBO YA KUFANYA MSIMU HUU

– Pigeni hesabu ya nauli kwa kila ng'ombe kabla ya kwenda mnadani.
– Acheni chapa za mgongoni na ubavuni.
– Funikeni samadi kabla ya mvua.
– Akina mama waanze na debe moja la samli ya pamoja.
– Vijana wafundishe maksai wawili.
– Fikeni mkutano mkuu wa kijiji mkatetee palio.

6. MASWALI YA KUJADILI BARAZANI AU JOSHONI

a) Ng'ombe wa mwisho tuliyemuuza, nauli ilikula kiasi gani cha bei yake?
b) Njia ya mifugo ya kijiji chetu ilipita wapi wakati wa babu zetu? Leo imebaki wapi?
c) Ni mkulima gani jirani tunaweza kuanza naye mapatano ya samadi na mabua?
d) Tukiambiwa lori halitakuja kwa miezi mitatu, tutauza nini, na tutakifikishaje?

Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wale walibeba mizigo ya vita kwa vichwa na mabega. Hadi leo, katikati ya malori, mizigo mingi ya soko lile inasukumwa kwa mikokoteni. Mji huo utaendelea kula, kuvaa na kupika hata dizeli ikiwa ghali, na kazi yako ni kuwa tayari na mzigo mzuri. Kwa msaada zaidi kuhusu ngozi, samadi na maksai, mwone afisa ugani wa mifugo wa kata yako.