Chembechembe kwenye picha

SWALI: Nina diski ya Blu-ray ya filamu ya Predator, toleo la 2010. Picha ni safi mno, ila nyuso zinang'aa kama nta. Rafiki yangu ana toleo la awali lenye chembechembe. Lipi bora?

JIBU: La rafiki yako. Predator ya 1987 ilipigwa kwa mkanda wa filamu, na chembechembe hizo ndizo picha yenyewe, si uchafu. Toleo lako lilisafishwa kwa kompyuta, na usafishaji huo ukafuta pamoja nazo vinyweleo, matone ya jasho na mishipa ya majani. Inasikitisha, kwa sababu kilichofutwa kwenye diski hakuna televisheni itakayokirudisha.

Ili kupima diski yoyote, simamisha picha kwenye uso uliopigwa kwa karibu, utafute vitundu vya ngozi. Ila kwanza weka televisheni kwenye hali ya sinema na upunguze kiwango cha ukali wa picha. Mara nyingi mistari myeupe inayoonekana kandokando ya watu huletwa na televisheni, wala si diski.

Kwa sauti, usihadaike na mlipuko. Sikiliza mnong'ono: ukilazimika kushika rimoti ili uelewe maneno, kuna kasoro.