Vumbi Limetalo: Lipi la Kadi, Lipi la Ngozi

Kila mwaka, mahafali yanapokaribia, wanafunzi wa shule zetu nyingi hutengeneza kadi kwa mikono yao. Karatasi ya manila hukunjwa, maneno huandikwa kwa wino mzito, na juu ya gundi hunyunyizwa ule unga umetao ambao madukani huitwa glita. Siku ya sherehe unga huohuo hupakwa mashavuni na mikononi mwa wacheza ngoma. Kwa mwanafunzi akaaye Geita, Kahama au Shinyanga jambo hili lina swali lake la pekee, kwani yeye hukanyaga vitu vimetavyo kila siku. Mchanga wa mito una vigamba vya rangi ya shaba na fedha. Mawe yaliyotupwa kando ya mashimo ya wachimbaji wadogo yana nukta za manjano. Na katika matope ya mialo, mahali paoshwapo dhahabu, huonekana mara nyingine vitone vyeupe mfano wa fedha iliyoyeyuka. Kwa nini basi anunue glita dukani?

Katika makala haya tutaeleza vitu hivyo vitatu ni nini, kwa nini humeta, na kwa nini ni kimoja tu kati yavyo kifaacho kubandikwa kwenye kadi, wala hakuna hata kimoja kifaacho kupakwa usoni.

Kumeta ni nini

Kung'aa na kumeta si jambo moja. Sahani ya bati iliyosuguliwa hung'aa. Mchanga wa mtoni humeta, yaani huwaka hapa na kuzimika, kisha ukawaka pale. Tofauti hiyo yaweza kuonyeshwa darasani bila ya gharama.

Chukua karatasi ya fedha ya kufungia peremende. Nusu yake inyooshe vizuri na kuibandika juu ya karatasi nyeusi. Nusu ya pili ikate kwa mkasi vipande vidogo kama punje za ufuta. Paka gundi nyembamba juu ya karatasi nyeusi nyingine, nyunyiza vipande hivyo kutoka juu, wala usivikandamize. Toka nje penye jua, weka karatasi zote mbili chini, uzitazame huku ukisogeza kichwa polepole. Ile nzima itakuonyesha mwako mmoja mkubwa, kisha itapoa. Ile ya vipande haitapoa kabisa. Kila usogeapo, vipande vipya huwaka na vingine kuzimika.

Sababu yake ni kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia ameisoma: nuru hurudi kutoka kwenye kioo kwa pembe ileile iliyoingia nayo. Kila kipande ni kioo kidogo. Jua, tulionapo kutoka duniani, lina upana wa takriban nusu digrii tu, kwa hiyo kila kioo kidogo kilicho bapa hurudisha mwali mwembamba wa upana huohuo. Kipande kikiinama kwa digrii 1, mwali wake husogea digrii 2, yaani upana wa jua mara nne. Jicho likiwa ndani ya mwali huo huona moto. Likiwa nje huona giza. Vipande vilivyoinama kila kimoja kwa namna yake hupeana zamu, na kupeana zamu huko ndiko tukuitako kumeta.

Hapa mtengenezaji kadi apata fundisho la kazi yake. Wengi hunyunyiza glita kisha huikandamiza kwa kiganja ili ishike. Wakifanya hivyo huvilaza vipande vyote upande mmoja, na kadi yao hung'aa kama bati badala ya kumeta. Afadhali gundi iwe nyembamba, unga uanguke wenyewe, kadi iachwe ikauke, na unga uliozidi ukung'utwe juu ya gazeti na kurudishwa chupani.

Msomaji wa Shinyanga huenda akauliza habari za almasi. Almasi ya Mwadui, mahali ambapo mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wake mwaka 1940, haimeti sana itokapo ardhini. Yafanana na kipande cha shabu. Humeta baada ya kuchongwa, kwa sababu nuru iliyokwisha kuingia ndani ya almasi haitoki kwa urahisi. Ikigonga uso wa ndani kwa pembe inayozidi digrii 24 hivi, ikipimwa kutoka kwenye mstari wa wima wa uso huo, hurudishwa yote ndani. Katika kioo cha kawaida mpaka huo ni kama digrii 42. Mchongaji hupanga nyuso ili nuru izunguke humo na kutokea juu. Ile almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Williamson alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kuchongwa. Baada yake zilibaki 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito iliondolewa ili sehemu iliyobaki ipate kumeta.

Ulanga

Vigamba vya mtoni ni ulanga. Sehemu kubwa ya ardhi ya Shinyanga imekaa juu ya mawe ya itale yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na ndani ya itale mna ulanga mweupe na ulanga mweusi. Jua na mvua vikiuozesha mwamba kwa muda mrefu, ulanga mweusi hubadilika rangi ukawa kama shaba au dhahabu. Ndiyo maana kila kijiji chenye kijito kina mtu aliyewahi kudhani kwamba ametajirika.

Ulanga umejengwa kwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu, na kinachoshikamanisha kurasa hizo katika ulanga mweupe ni tabaka dhaifu la potasi. Hapo ndipo hubanduka, na kila ubandukapo hutoa uso laini kabisa usiohitaji kusuguliwa. Kwa sababu haupitishi umeme wala hauungui upesi, ulanga ulichimbwa katika milima ya Uluguru, Morogoro, tangu enzi ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza.

Jinsi ya kuupata kwa ajili ya kadi ni hivi. Uchotwe mchanga wa kijito kilicho mbali na mialo na mbali na karasha za kusagia mawe. Sharti hili lisipuuzwe, na sababu yake itaelezwa mbele. Utiwe katika karai lenye maji mengi na kuzungushwa kwa mkono. Densiti ya ulanga ni 2.8 hivi, nayo ya mchanga mweupe ni 2.65, mtu angetarajia ulanga utangulie kuzama. Kinyume chake, huchelewa, kwani vigamba bapa huyumba majini kama majani yaangukayo mtini. Yamwage maji yaliyo juu kupitia kitambaa, rudia mara kadhaa, na kitambaani utapata ulanga karibu mtupu. Uanikwe kivulini. Usiusage ukiwa mkavu, maana vumbi lake si la kuvutwa puani. Ukatwe kwa mkasi ungali umelowa.

Gundi yake yaweza kuwa ya unga wa muhogo. Kijiko kimoja kikubwa cha unga hukorogwa kwanza katika maji baridi kidogo, kisha huongezwa maji hadi kujaza kikombe, na kupikwa huku kikikorogwa. Kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka. Uji uliokuwa mweupe huwa wa kuangaza, nao ndio gundi. Atakayeanza kwa maji ya moto atapata madonge. Chembe ya shabu iliyosagwa huichelewesha gundi isiote ukungu.

Dhahabu ya uongo

Nukta za manjano zilizomo katika mawe yaliyotupwa kando ya mashimo aghalabu si dhahabu, bali ni pairiti, ambayo ni muungano wa chuma na salfa. Katika ukanda wa Geita vitu hivi viwili huishi pamoja, na mchimbaji mzoefu hufurahi kuona pairiti kwani yaweza kuwa na dhahabu ndani yake. Kuvitofautisha si kazi ngumu. Choma nukta kwa sindano: dhahabu itabonyea, pairiti itavunjika, na ulanga utabanduka. Au kisugue kipande hicho kwenye mgongo wa kigae usio na rangi: pairiti huacha mstari wa kijani kilichokolea weusi, na dhahabu huacha mstari wa manjano. Katika karai dhahabu, yenye densiti ya 19.3 ikiwa safi, hung'ang'ania chini, wakati pairiti, yenye 5, husukumwa na maji.

Je, pairiti yafaa kwa kadi? Siku ya kwanza kadi hiyo itapendeza kuliko zote. Lakini pairiti iliyosagwa haitulii penye hewa na unyevu:

4FeS₂ + 15O₂ + 14H₂O → 4Fe(OH)₃ + 8H₂SO₄

Kutokana na mlinganyo huu utaona kwamba vipatikanavyo ni kutu na asidi ya salfa. Masika yakipita, kadi itakuwa na madoa ya hudhurungi, na karatasi iliyo chini ya mapambo italiwa. Ni badiliko lilelile liyafanyalo maji yatokayo katika baadhi ya migodi iliyoachwa kuwa makali. Tena, mawe yenye salfa mara nyingi hubeba arseniki. Kwa hiyo mwalimu aitumie pairiti kwa somo la kemia, akinawa mikono baadaye, wala asiichome, kwani moshi wake una gesi ya salfa inayochoma mapafu.

Vitone vya fedha

Hapa twafika kwenye jambo lisilo na mzaha. Vile vitone vyeupe vya mialoni ni zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga ulioteuliwa, nayo huishika dhahabu na kufanya donge laini la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa juu ya mkaa, zebaki ikaenda zake hewani, dhahabu ikabaki. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, lakini haingoji kuchemka. Hata katika joto la kawaida la chumba hutoa mvuke usio na rangi wala harufu, ambao huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo na figo. Watoto, na mimba tumboni, hudhurika zaidi.

Mwaka 1956 ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulitambuliwa rasmi huko Minamata, Japani, miongoni mwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 juu ya zebaki ulipewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Rwamagasa, katika wilaya ya Geita, ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa kwa habari hii na mradi wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa karne hii.

Kwa mtoto, donge lile la fedha laonekana kama rangi ya kuchorea iliyokwisha kutengenezwa. Lisiguswe, lisichorewe kadi, lisipakwe kucha, wala zebaki isiletwe darasani ndani ya chupa ya dawa ili wenzake waione ikiviringika. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yana mabaki yake. Ndiyo sababu ya lile sharti la kuchota mchanga mbali na mialo. Karasha nazo zina hatari yao. Husaga kwatsi, lile jiwe jeupe gumu lishikalo dhahabu, na vumbi lake lililo dogo kuliko sehemu 1 ya 100 ya milimita hupenya hadi ndani ya mapafu na kuyatia makovu yasiyopona.

Juu ya ngozi

Wasukuma na Wanyamwezi, waliosifika katika misafara ya biashara ya karne ya 19, walijipamba kwa ushanga na nyaya za shaba. Mapambo ya namna hiyo hukaa juu ya ngozi na kuvuliwa jioni. Unga ni jambo jingine: husafiri kwa jasho hadi machoni, kwa ulimi hadi tumboni, kwa pumzi hadi mapafuni. Kwa sababu hiyo hata ulanga safi wa kijitoni, uliofaa kwa kadi, haufai usoni. Una kingo kali na punje za kwatsi.

Glita ya kadi nayo isipakwe. Ni utando wa plastiki ya poliesta uliopakwa alumini na kukatwa vipande vya pembe sita, umbo lisilopoteza nafasi, kama masega ya nyuki. Pembe zake zaweza kukwaruza mboni ya jicho. Ile iliyotengenezwa kwa ngozi huwa ndogo zaidi na rangi zake huwa zimechaguliwa. Nyingine ni ulanga uliosafishwa kiwandani na kupakwa utando mwembamba wa oksidi ya titani. Rangi zake huzaliwa na unene wa utando, kama zile zionekanazo mafuta ya gari yakitandaa juu ya dimbwi. Ijaribiwe kwanza ndani ya mkono kwa siku nzima, isipakwe karibu na macho, midomo wala kidonda.

Wanja wa kusagwa wahitaji tahadhari pia, kwani mwingine hutengenezwa kwa galena, ambayo ni risasi na salfa, na mng'ao wake ndio huo wa risasi. Hina safi ya majani haina neno. Ile nyeusi iitwayo piko ndiyo huwa na dawa ya nywele iwezayo kuibabua ngozi na kuiachia alama.

Sherehe ikiisha, glita iondolewe kwa mafuta na kitambaa kikavu, wala isisuuzwe mtoni, maana plastiki hiyo haiozi na mito mingi ya kanda hii huishia Ziwa Viktoria. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki iliyo huru mwezi wa Oktoba 1923 + 100, yaani 2023.

Maswali ya darasani

Gramu 1 ya dhahabu safi imefuliwa mpaka ikawa na unene wa sehemu 1 ya 10,000 ya milimita. Tafuta eneo lake, ukitumia densiti iliyotajwa hapo juu, na useme ingetosha kufunika kadi ngapi za sentimita 10 kwa 15. Kisha eleza kwa nini kadi hizo zingeng'aa lakini zisimete.